Leo Kanner: Daktari Aliyewatwika Wazazi Mzigo, Kisha Akautua

Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikihangaika na ngeli na viambishi. Leo naomba ruhusa yao niwasimulie maisha ya daktari mmoja wa akili ambaye sisi wanaisimu tuna deni kwake, na ambaye baadhi ya kauli zake ziliwaliza akina mama kwa miaka mingi. Jina lake ni Leo Kanner.

Alizaliwa tarehe 13 Juni 1894 katika kijiji cha Klekotów, karibu na mji wa Brody, jimboni Galicia. Siku hizo eneo hilo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungary. Leo limo nchini Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Ujanani alitamani kuwa mshairi, lakini tungo zake hazikupata mchapishaji, naye akageukia udaktari mjini Berlin. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkatizia masomo, na shahada yake aliipata mwaka 1921. Mwaka 1924 alihamia Marekani na kuajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Yankton, South Dakota. Inasimuliwa kwamba alikinoa Kiingereza chake kwa kujaza mafumbo ya maneno gazetini, mbinu ambayo singeona haya kuwapendekezea wanafunzi wangu. Mwaka 1928 alijiunga na Johns Hopkins mjini Baltimore, na mwaka 1930 akaanzisha hapo kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto. Kitabu chake cha mwaka 1935 kilikuwa cha kwanza katika Kiingereza kuieleza taaluma hiyo kwa ukamilifu.

Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1937 alifichua jinsi matajiri wa Baltimore walivyokuwa wakimtumia wakili kuwatoa wasichana wenye ulemavu wa akili katika makao ya serikali, si kwa huruma bali wakawe watumishi wa nyumbani wasiolipwa, kisha wakiwatupa mitaani walipowachoka. Wanazi walipoishika Ulaya, aliwasaidia madaktari wengi wa Kiyahudi kupata hifadhi Marekani. Na mwaka 1942, tabibu mmoja mashuhuri wa New York alipopendekeza kwamba watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili wauawe kwa kile alichokiona kuwa ni rehema, Kanner alimpinga waziwazi katika jarida la wanataaluma wenzake. Nayataja haya mapema kwa sababu mtu huyu huyu ndiye tutakayemlaumu hapo mbele.

Mwaka 1938 alipokea barua ya kurasa 33 kutoka kwa mwanasheria wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Ilimhusu mwanawe, Donald Triplett, mtoto wa miaka mitano aliyejua hesabu na nyimbo nyingi, lakini aliyeishi kana kwamba watu waliomzunguka hawapo. Kanner alimpokea, kisha wakaja wengine wenye tabia zilizoshabihiana na zake. Mwaka 1943 alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, akiieleza hali ambayo leo twaiita usonji.

Mwanaisimu yeyote akiisoma makala hiyo atashangaa kuona ni sehemu kubwa kiasi gani inayohusu lugha. Watoto hao walibadilisha nafsi: aliyetaka kitu hakusema nataka, alisema unataka. Kwa Kiswahili ni sawa na mtoto mwenye kiu kumwendea mama na kumwambia unataka maji, kwa sauti ile ile ambayo mama huitumia kumwuliza. Kanner alitambua kwamba mtoto hakuwa ameikosea sarufi. Alikuwa ameihifadhi sentensi nzima kama alivyoisikia, pamoja na kiimbo chake, akairudisha nzima. Donald alifundishwa neno la kukubali na babake kwa ahadi ya kubebwa mabegani, na kwa miezi mingi neno hilo halikuwa na maana nyingine kwake ila kutaka kubebwa mabegani. Mtoto mwingine kila alipoona sufuria alitamka maneno mawili yasiyoeleweka, hadi mama yake alipokumbuka kwamba siku moja, akimwimbia wimbo wa watoto wenye maneno hayo, aliangusha sufuria. Mwalimu anayeyaita maneno ya mtoto wa namna hiyo upuuzi hajachunguza yalikotoka.

Mwishoni mwa makala yake Kanner aliandika kwamba watoto hao walizaliwa hivyo. Hapo ndipo angebaki. Lakini katika makala iyo hiyo alikuwa amedokeza kwamba wachache tu kati ya wazazi wao walikuwa wachangamfu, na katika miaka iliyofuata dokezo hilo likamea mizizi. Kufikia 1949 alikuwa akiwalinganisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa katika jokofu, jokofu lenyewe likiwa ni nyumba ya wazazi wasio na upendo. Magazeti yakaidaka tashbihi hiyo. Wengine, hasa Bruno Bettelheim katika kitabu chake cha mwaka 1967, wakaifikisha mbali zaidi. Mama aliyempeleka mtoto kwa daktari akitafuta msaada alirudi nyumbani akiwa mshtakiwa. Ajabu ni kwamba Kanner mwenyewe alikuwa ameandika kitabu kizima, mwaka 1941, kuwatetea akina mama dhidi ya wataalamu wanaowatia hofu.

Shtaka hili lingepimwaje? Hapa ndipo pacha wanapoingia. Pacha wa yai moja wana urithi uleule. Pacha wa mayai mawili wanashirikiana nusu yake kwa wastani, kama ndugu wengine. Lakini aina zote mbili hukaa tumbo moja na hulelewa na mama mmoja chini ya paa moja. Kama ubaridi wa mama ndio chanzo, pacha wa aina zote wangefanana kwa usonji kwa kiwango kimoja. Wa yai moja wakizidi kufanana, basi urithi una mkono wake. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa ameutumia ushahidi wa pacha katika kitabu chake cha mwaka 1964, na Kanner alikubali kukiandikia utangulizi. Kasoro ilikuwa kwamba madaktari huvutiwa kuandika kuhusu pacha wanaofanana na kuwasahau wasiofanana.

Susan Folstein na Michael Rutter waliirekebisha kasoro hiyo kwa kuwatafuta pacha kote Uingereza. Mwaka 1977 walitoa matokeo ya jozi 21. Kati ya jozi 11 za yai moja, 4 zilikuwa na usonji kwa pacha wote wawili. Kati ya jozi 10 za mayai mawili, hakuna hata moja. Walipohesabu matatizo mapana zaidi ya lugha na utambuzi, jozi za yai moja zilizolingana zilikuwa 9, za mayai mawili 1. Hata hivyo urithi haukumaliza habari: katika jozi 17 ambazo pacha mmoja tu alikuwa na usonji, 12 zilionyesha kwamba yeye ndiye aliyepatwa na jambo la kimwili lenye kuweza kuudhuru ubongo, kama vile taabu wakati wa kuzaliwa. Jozi 21 ni chache mno, na mtafiti mkali angenung'unika. Lakini uchunguzi uliofuata, ukiwamo wa mwaka 1995 huko huko Uingereza, uliyatilia nguvu, na uchambuzi wa jumla wa mwaka 2016 ulikadiria mchango wa urithi kuwa kati ya asilimia 64 na 91.

Kanner hakungoja takwimu hizo. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 75, alisimama mbele ya mkutano wa wazazi mjini Washington akawaondolea lawama hadharani. Waliohudhuria walimshangilia. Alidai pia kwamba hakuwahi kuwalaumu, na hapo simwungi mkono, kwa maana maandishi yake yapo.

Mwaka 1971 aliwafuatilia wale watoto 11, sasa watu wazima. Waliofungiwa katika makao makubwa ya serikali walikuwa wamefifia. Donald, kinyume chao, alikuwa amekaa utotoni kwa mkulima mmoja na mkewe. Walipoona amezama katika kuhesabu, walimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima kwa plau. Baadaye alipata shahada ya chuo kikuu na kufanya kazi katika benki.

Kanner alifariki tarehe 3 Aprili 1981 jimboni Maryland. Mgonjwa wake wa kwanza alimpita kwa miaka 42: Donald Triplett alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 89, katika mji ule ule wa Forest ambako barua ya babake ilitoka.