Sam Ntiro, Mchora Picha wa Wenye Jembe

Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Mbulu na Hanang twaona ukutani picha za Watakatifu, na pengine kalenda ya duka. Picha ya mtu alimaye hatuioni. Nao watoto wa shule, wakipewa karatasi, huchora ndege na motokaa. Jembe la baba yao walionea haya. Sam Joseph Ntiro hakulionea haya.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro, penye migomba na kahawa. Akasoma Makerere, nchini Uganda, chini ya Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyewataka vijana wachore mambo ya kwao wenyewe. Alipohitimu akafanywa mwalimu papo hapo. Kisha akaenda London, katika shule mashuhuri ya sanaa iitwayo Slade, akamaliza mwaka 1955, mwaka ule ule ambao Baba Mtakatifu Pius XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.

Mtu angedhani kwamba atarudi na namna za Kizungu. La hasha. Picha zake zilibaki vile vile: milima ya kijani, migomba, na watu wengi wadogo wadogo, hawa walima, hawa wakata miti, hawa wavuna. Sura zao hazipambanuki. Wako waliomlaumu kwamba achora kama mtoto, wala hajui kivuli. Nami nakiri kwamba nilipoziona mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Lakini tazama tena. Hamna bwana mkubwa katikati. Migongo imeinama pamoja, na kazi ni ya wote, kama vile watu wa huku waitanapo kulima shamba la jirani, na chungu cha pombe kikingoja kivulini. Aliyewahi kulima kwa kuitana atakiri kwamba ndivyo ilivyo: katika msitari ule hakuna atazamaye uso wa mwenziwe.

Mwaka 1960 jumba kuu la sanaa za kisasa mjini New York lilinunua picha aliyoichora mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuwa Balozi wetu wa kwanza huko, hata mwaka 1964. Baadaye alitumikia utamaduni serikalini, akafundisha tena. Heshima hizo zote hazikumtoa shambani: aliendelea kuwachora wakulima.

Alifariki mwaka 1993. Arusi ya Machame imehifadhiwa New York. Mama wa Hanang ashukaye mlimani na mzigo wa kuni angali akimngoja mchoraji wake.