Kekulé na wekundu wa mawese

Mawese ya Rumonge tunayajua kwa rangi kabla hata ya harufu. Ili tuuelewe wekundu ule, tumfuate Mjerumani mmoja ambaye hakuwahi kuuona ufuko wa Tanganyika: August Kekulé, aliyezaliwa Darmstadt mwaka 1829.

Alianza chuo huko Giessen akitaka kuwa msanifu wa majengo. Mihadhara ya Justus Liebig ikamgeuza, akahamia kemia. Mwaka 1858 akapata uprofesa Ghent, Ubelgiji, nchi iliyokuja kututawala sisi Warundi baadaye. Huko, mwaka 1862, akamwoa Stéphanie Drory, binti wa mkuu wa kiwanda cha gesi. Mwaka uliofuata mke akafariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Kekulé akabaki na kichanga mikononi.

Mwaka 1865 akatangaza umbo la benzeni: kaboni sita zilizofungana kama pete. Wengi humkumbuka kwa ndoto ya nyoka anayejiuma mkia, aliyoisimulia mwaka 1890. Mimi naona pingamizi alilokutana nalo lina uzito zaidi. Katika pete yake, bondi moja na bondi maradufu zilipishana. Basi ukipachika vitu viwili kwenye kaboni jirani, ungetarajia aina mbili tofauti, kutegemea bondi iliyo kati yao. Maabara zilipata moja tu. Kekulé hakulifunika jambo hilo. Mwaka 1872 alipendekeza kwamba bondi hubadilishana nafasi bila kukoma.

Alikaribia. Alifariki Bonn mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya elektroni kugunduliwa. Mwaka 1929, Kathleen Lonsdale wa Leeds alipima kwa eksirei fuwele ya jamii ya benzeni, akakuta pande sita za pete zinalingana. Miaka ya 1930 Linus Pauling akalieleza hilo kwa resonansi: michoro miwili ni yetu sisi, molekuli ni moja, na elektroni za bondi pai zimeenea pete nzima. Chai ya maziwa haiwi chai kavu sasa hivi, kisha maziwa matupu baadaye.

Karotini ya mawese ni mnyororo mrefu, wenye bondi maradufu 11 zinazopishana na bondi moja. Elektroni zilizotandaa hivyo humeza mwanga wa buluu, na macho yetu hupata wekundu. Ukiyachemsha mawese kupita kiasi kabla ya kutia ndagala, mnyororo huo huharibika na mafuta hupauka sufuriani.