Edward Wood na Filamu Iliyochekwa

Leo nawaletea maisha ya Edward Wood wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1924, akapigana Vita Vikuu vya Pili, kisha akaenda Hollywood kutengeneza filamu.

Mwaka wa 1956 alianza Plan 9 from Outer Space, hadithi ya wageni kutoka anga za juu wanaofufua wafu. Pesa hakuwa nazo, akachangiwa na Wabaptisti. Mwigizaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, alikuwa amefariki akiacha vipande vichache tu vya picha. Jamani, Wood hakufa moyo! Alimweka mtu mwingine, uso umefunikwa kwa joho, ati ndiye Lugosi.

Filamu haikumtajirisha. Alifariki mwaka wa 1978, fukara, siku chache baada ya kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya kodi. Mwaka wa 1980 ikatajwa kuwa filamu mbaya kuliko zote, basi watu wakaanza kuitafuta! Wanaoipenda wapo hadi leo.

Nami niliwahi kuchekwa jukwaani nikaapa sirudi tena. Sasa nitarudi. Sisemi tufanye kazi ovyo, la! Nasema kuchekwa si kufa.