Mordecai Brown, mchimba makaa wa Indiana aliyekuwa bingwa kwa mkono wenye kilema

Katika sehemu yetu ya maisha ya watu waliojulikana leo tunavuka bahari mpaka Marekani. Tunaenda kwa mtu ambaye wapenzi wa michezo kule wanamjua vizuri, lakini huku kwetu jina lake halisikiki. Ni Mordecai Brown, mrushaji wa mpira katika mchezo wa besiboli. Mchezo huo sisi hatuuchezi, kwa hiyo tuanze na maneno machache ya kuufahamu, mengine mutayashika njiani.

Mrushaji anasimama katikati ya uwanja na mpira mdogo, mgumu, unaoenea mkononi. Mbele yake, mwendo wa mita 18 na kidogo, kuna mpigaji wa ekipe ingine mwenye gongo. Mpigaji anataka kupiga mpira uende mbali, kiisha akimbie vituo vinne na kuleta pointi. Mrushaji anataka mpigaji akose, ao apige vibaya. Kazi kubwa iko katika vidole: namna vinavyoachilia mpira njo namna mpira utakavyozunguka, upinde hewani ao uanguke ghafla mbele ya gongo. Sasa fikiria mrushaji ambaye hana kidole cha shahada.

Brown alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1876 huko Nyesville, kijiji kidogo cha wakulima katika jimbo la Indiana. Mwaka ule Marekani ilikuwa inasherehekea miaka 100 ya uhuru, na wazazi wakamwongezea jina la Centennial, maana yake ya miaka mia. Alipokuwa bado mtoto mdogo, mkono wake wa kuume uliingia ndani ya mashini ya kukatakata chakula cha wanyama. Kidole cha shahada kikaenda, kikabaki kipande kifupi tu. Wiki chache kiisha, mkono haujapona, akaanguka na kuvunja vidole vingine vya mkono uleule. Mifupa ikaunga vibaya. Kidole cha kati kikabaki kimepinda, na kidole kidogo kikapoteza nguvu.

Alipokuwa kijana aliingia na mkono huo katika migodi ya makaa ya mawe. Ni kazi ya giza, vumbi na mgongo kuuma. Watu wa kwetu wanaoishi karibu na mashimo hawana lazima ya kuelezwa. Wachimbaji wa Indiana walikuwa na ekipe zao, na siku ya kupumzika walicheza mgodi mmoja na mwingine. Brown alicheza katika ekipe ya Coxville, na hakuwa mrushaji. Alilinda kituo cha tatu. Lakini kila alipotupa mpira kwa mwenzake wa kituo cha kwanza, mwenzake alipata shida kuudaka, kwa sababu mpira ulikuwa unapindapinda njiani. Siku moja mrushaji wa ekipe hakuweza kucheza, wakamuweka Brown. Wapigaji wa upande mwingine hawakuelewa kinachotokea.

Hapa njo watu wengi wanapoharakisha habari yake. Wanasema kidole kilichokatwa kilimfanya bingwa, basi. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kile kipande kilichobaki na kidole kilichopinda viliupa mpira mzunguko ambao mtu wa vidole kamili hakuweza kuuiga. Lakini katika mashamba na migodi ya wakati ule wafanyakazi waliopoteza vidole hawakuwa wachache, na hatuwasikii katika historia ya besiboli. Brown alijifunza upya kushika mpira, akatafuta mahali pa kuukandamiza, akarudia mpaka mpira ukaenda pale alipotaka. Mpira unaopinda bila kumtii anayeurusha ni hasara kwa ekipe yake mwenyewe. Wake ulimtii. Na mwili wake aliutunza kwa mazoezi, jambo ambalo wachezaji wengi wa siku zile hawakulijali.

Hata hivyo alichelewa. Alianza kulipwa kama mchezaji munamo mwaka 1901 katika ekipe ya Terre Haute, mwaka uliofuata akawa Omaha, na alipofika kwenye shampiona kubwa mwaka 1903, pamoja na St. Louis Cardinals, alikuwa na miaka 26. Ekipe ile ilimaliza ya mwisho kabisa. Brown alishinda mechi 9 na kupoteza 13, na wakubwa wa klabu hawakuona kitu. Wakambadilisha na mrushaji wa Chicago Cubs aliyekuwa na jina kubwa kuliko yeye, Jack Taylor. Tujue kwamba wakati ule mchezaji alikuwa amefungwa na klabu yake. Klabu iliweza kumuuza ao kumbadilisha, naye hakuweza kuhama kwa hiari yake. Mara hii, kumbe, walimfanyia mema bila kujua.

Huko Chicago alikuta ekipe inayojengwa. Kocha Frank Chance, ambaye pia alikuwa anacheza, alikuwa na walinzi wazuri sana nyuma ya mrushaji. Mpira wa Brown ulikuwa unashuka, kwa hiyo wapigaji waliupiga chini kwenye majani, na walinzi wakaukusanya. Munamo 1906 akashinda mechi 26 na kupoteza 6 tu. Kwa wastani, katika kila mechi kamili aliachia pointi 1.04, hesabu ambayo tangu mwaka 1901 ni mrushaji mmoja tu wa shampiona kubwa aliyeipita, Dutch Leonard wa Boston mwaka 1914. Cubs walishinda mechi 116 na kupoteza 36. Seattle walifikia ushindi 116 mwaka 2001, lakini wao walicheza mechi 162.

Na bado mwaka huo uliisha kwa machozi. Katika fainali Cubs walikutana na jirani zao wa mji uleule, White Sox, ambao hakuna aliyewapa nafasi. Brown alianza mechi tatu kati ya sita. Ya kwanza akaipoteza kwa 2 kwa 1, ya pili akaishinda 1 kwa 0. Ya tatu ilikuwa ya mwisho, na wapigaji wa White Sox wakamtoa uwanjani mapema. Mwaka uliofuata, 1907, Cubs wakarudi fainalini na kuifunga Detroit, na ni Brown aliyerusha mechi ya kumaliza, bila kuachia pointi hata moja.

Lakini ukitaka kumjua Brown, lazima uzungumze juu ya Christy Mathewson wa New York Giants. Mathewson alikuwa amesoma chuo kikuu, mrefu, mwenye sura nzuri, na magazeti yalimpenda. Brown alikuwa ametoka shimoni. Tarehe 13 Juni 1905 walikutana, na Mathewson hakuruhusu mpigaji hata mmoja wa Chicago apate pigo zuri. Brown akapoteza 1 kwa 0. Baada ya siku ile, kila walipokutana mpaka mwisho wa 1908, Brown njo alishinda: mara tisa mfululizo.

Ile ya tisa ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Tarehe 23 Septemba 1908, Giants walidhani wamewashinda Cubs, lakini kijana wao Fred Merkle, alipoona mashabiki wanaingia uwanjani, aliondoka bila kugusa kituo cha pili. Cubs wakalalamika, waamuzi wakafuta pointi ile, na mechi ikahesabiwa sare. Shampiona ilipofika mwisho, ekipe hizo mbili zilikuwa sawasawa. Ikabidi mechi ile irudiwe tarehe 8 Oktoba, New York, mbele ya umati uliojaa hasira. Siku nne mbele ya hapo Brown alikuwa amerusha mechi nzima dhidi ya Pittsburgh, kwa hiyo kocha akaanza na Jack Pfiester. Pfiester hakumaliza hata kipindi cha kwanza. Chance akamuita Brown. Akatembea katikati ya kelele zile, akazima moto, kiisha akarusha mpaka mwisho. Chicago 4, New York 2, na aliyeshindwa alikuwa Mathewson.

Siku chache tu kiisha, katika fainali dhidi ya Detroit, Brown akashinda mechi mbili na Cubs wakachukua kombe tena. Mwaka ule peke yake alikuwa ameshinda mechi 29 za shampiona. Mashabiki wa Chicago hawakujua kwamba watangoja kombe lingine mpaka mwaka 2016, yaani miaka 108.

Kuna kazi ingine aliyoifanya ambayo wakati ule hakuna aliyeihesabu. Mara mingi, siku ambayo haikuwa zamu yake, kocha alimuingiza mwishoni kulinda ushindi wa mwenzake. Leo wako wachezaji wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Watu wa takwimu waliporudi nyuma kuhesabu, walikuta mwaka 1911 Brown alilinda ushindi wa namna hiyo mara 13, juu ya mechi 21 alizoshinda mwenyewe. Mkono gani usingechoka?

Mwaka 1912 goti likamsumbua, akashinda 5 tu, na Cubs wakamuachilia. Akapita Cincinnati. Mwaka 1914 matajiri walianzisha shampiona ya tatu, Federal League, iliyovuta wachezaji kwa mishahara, na Brown akaenda: St. Louis kama kocha na mchezaji, kiisha Brooklyn, na mwaka 1915 na Chicago Whales, waliochukua ubingwa. Shampiona ile ikafa palepale, naye akarudi Cubs. Tarehe 4 Septemba 1916 walimuweka dhidi ya Mathewson, ambaye sasa alikuwa kocha wa Cincinnati. Wazee wawili, wote wamechoka. Mathewson alishinda 10 kwa 8, na hakuna kati yao aliyerusha tena kwenye shampiona kubwa.

Kwa jumla Brown aliacha ushindi 239 na kushindwa 130. Alirudi Indiana, na huko Terre Haute akafungua stesheni ya mafuta. Wenye magari walikuwa wanasimama kwa ajili ya mafuta na kwa ajili ya kuona ule mkono. Magazeti yalikuwa yamemuita mtu wa vidole vitatu. Ukihesabu vizuri vilikuwa vinne na kipande. Jina lingine walilompa lilikuwa Mchimbaji.

Mathewson aliingizwa katika nyumba ya heshima ya besiboli mwaka 1936, kati ya watu watano wa kwanza kuchaguliwa. Brown alikuwa bado anauza mafuta. Alikufa tarehe 14 Februari 1948, akiwa na miaka 71. Walimchagua mwaka 1949.