Geoffrey Spicer-Simson

Geoffrey Basil Spicer-Simson (Hobart, Tasmania, 15 Januari 1876 – British Columbia, Kanada, 29 Januari 1947) alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuongoza mapigano ya boti kwenye Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kabla ya hapo alikuwa na mikosi mingi. Katika mazoezi ya mwaka 1905 alijaribu kunasa nyambizi kwa kamba iliyokokotwa na manowari mbili, nusura aizamishe nyambizi ya nchi yake. Novemba 1914 manowari yake Niger ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani U-12 karibu na Deal, yeye akiwa nchi kavu.

Mwaka 1915 alikabidhiwa boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, ili awanyang'anye Wajerumani utawala wa ziwa. Boti zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume huko Kongo. Kutoka hapo zilivushwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na maksai. Kazi ngumu ya kufyeka njia na kujenga madaraja ilifanywa na Waafrika ambao vitabu vingi haviwataji kwa majina.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli Kingani karibu na Lukuga (leo Kalemie), ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Wenyeji Waholoholo walimfahamu pia kwa michoro ya nyoka mwilini na kwa sketi aliyopenda kuvaa.

Baada ya ushindi huo alisita. Hakuikabili Graf von Goetzen, meli kubwa kuliko zote ziwani. Juni 1916 hakuishambulia ngome ya Bismarckburg (leo Kasanga, mkoani Rukwa), na Wajerumani wakatoroka usiku kwa vyombo vidogo. Lawama hii ni ya haki, ingawa mara nyingi inasahauliwa kwa sababu ya vituko vyake. Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Baadaye Waingereza waliiopoa, ikawa Liemba.

Spicer-Simson alirudi Uingereza akiwa mgonjwa, wala hakupewa tena kikosi vitani. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco. Mapigano ya Tanganyika yalimpa C. S. Forester wazo la riwaya yake The African Queen (1935).