Harry Thuku: Mpokeaji Simu Aliyeitikisa Nairobi

Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi ni fupi. Upande mmoja inapakana na hoteli ya Norfolk, upande wa pili Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, na pembeni yake yamesimama majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi huipita asubuhi wakikimbilia mihadhara na kuipita tena jioni wakirejea mabwenini. Ni wachache miongoni mwao ambao hutua kujiuliza jina hilo ni la nani, na kwa nini likapewa mahali hapo badala ya penginepo. Hata hivyo, mkaa jifya ndiye aujuaye moto, na ardhi hiyo ina habari zake.

Harry Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu. Alipata elimu yake ya msingi katika misheni ya Kambui, iliyokuwa chini ya wamishenari wa Gospel Missionary Society, na huko akajifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo ilikuwa haba ikipimwa kwa mizani ya leo, lakini katika enzi ambapo Mwafrika aliyejua kuandika barua alikuwa adimu, ilitosha kumfungulia milango ya mji. Mnamo 1911, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, alifunga safari hadi Nairobi.

Mji alioukuta ulikuwa na umri mdogo kuliko yeye. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria, na mnamo 1905 ikawa makao makuu ya serikali ya kikoloni. Wazungu walijichukulia maeneo ya mwinuko yenye hewa safi. Wahindi waliendesha biashara katika soko lao. Nao Waafrika walijisitiri katika vijiji kama vile Pangani, pembezoni mwa mji walioujenga kwa jasho lao. Aliyepika, aliyefua, aliyelea watoto, aliyepakia mizigo na aliyefagia barabara alikuwa Mwafrika, na jua lilipokuchwa alihesabiwa kuwa mgeni mjini.

Thuku hakuanza maisha ya mjini kama shujaa. Alifanya kazi ya utarishi katika benki, na muda si muda akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Waandishi wengine wa maisha yake hulipita jambo hili kimyakimya, ilhali hakuna haja ya kulificha. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mwandishi wa historia hana budi kuiwamba ngoma mahali ilipo. Baada ya kifungo, kijana huyo alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la Leader, lililokuwa sauti ya walowezi. Kila siku vidole vyake vilipanga maneno ya watu waliowadharau watu wake. Bila shaka hapo alijifunza mambo mawili: jinsi mlowezi alivyowaza, na nguvu iliyomo katika neno lililochapishwa. Baadaye aliajiriwa na Hazina ya serikali mjini Nairobi akiwa mpokeaji simu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika mwaka wa 1918, mzigo wa Mwafrika uliongezeka badala ya kupungua. Sheria ya uandikishaji iliyopitishwa mnamo 1915 ilianza kutekelezwa kwa ukamilifu baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka kumi na sita akalazimika kubeba hati yenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi yake. Hati hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, kama kengele ya mbuzi. Watu waliiita kipande, neno la Kiswahili ambalo wakoloni wenyewe waliishia kulitumia. Kodi ya nyumba ilipandishwa hadi shilingi 16. Wasichana na wanawake waliondolewa vijijini kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Kisha, mnamo 1921, bei ya mazao ilipoporomoka na sarafu kubadilishwa, walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mwezi wa Juni 1921, Thuku na vijana wenzake wa mjini waliunda chama cha vijana wa Kikuyu. Tayari kulikuwepo na chama kingine, cha machifu na wazee wenye ardhi, lakini hicho kilisema kwa upole na kupitia kwa wakubwa. Haukupita muda kabla ya Thuku kung'amua kuwa hata chama chake kipya kilikuwa na kasoro katika jina lake. Mshahara uliopunguzwa haukuwa wa Mkikuyu peke yake. Mjaluo, Mkamba, Mganda na Mnyasa waliofanya kazi Nairobi walivaa kipande kilekile. Basi mnamo Julai mwaka huohuo chama kikaitwa East African Association, yaani Chama cha Afrika Mashariki.

Mabadiliko hayo ya jina yalihitaji lugha ya kuyabeba. Kikuyu kisingetosha, na Kiingereza kilijulikana na wachache mno. Lugha iliyokuwa tayari imeenea katika karakana za reli, sokoni, majikoni mwa Wazungu na katika vijiji vya Waislamu huko Pangani ilikuwa Kiswahili. Ndiyo lugha ambayo Thuku aliitumia kuandikia matangazo yake, yaliyopigwa chapa kwa msaada wa Manilal Ambalal Desai, Mhindi aliyekuwa mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Karatasi hizo zilipitishwa mkono kwa mkono, na aliyejua kusoma akawasomea wasiojua. Wataalamu wa Kiswahili huzungumzia mara kwa mara dhima ya lugha hii katika siasa za ukombozi kuanzia miaka ya 1950. Kisa cha Thuku kinaonyesha kuwa mizizi ya dhima hiyo ni ya kale zaidi: mnamo 1921, Kiswahili kilikuwa tayari ndicho chombo cha kuwaunganisha wafanyakazi wa mji wa kikoloni.

Urafiki wake na Wahindi ulimletea maadui. Thuku alituma simu ya maandishi Uingereza akieleza malalamiko ya Waafrika, na humo akawataja Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika wanaowafuata wamishenari kwa wema. Walowezi, waliokuwa wakivutana na Wahindi kuhusu haki za uchaguzi na ardhi, waliingiwa na ghadhabu. Machifu nao walimwona kuwa kijana aliyejitwalia kauli isiyo yake. Hata baadhi ya wamishenari waliomlea wakamgeuka.

Thuku hakurudi nyuma. Mwezi wa Desemba 1921 alisafiri hadi Kisumu, nchi ya Wajaluo, na mwanzoni mwa 1922 akahutubia makundi makubwa ya watu katika Murang'a. Alikemea kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, hasa ile ya wanawake. Hazina ilimtaka achague kati ya kazi yake na siasa. Akachagua siasa, akaacha mshahara ambao Waafrika wengi wa wakati huo wangeuonea kijicho.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa na kufungiwa katika kituo cha polisi mjini Nairobi. Habari zilienea kama moto nyikani. Kesho yake wafanyakazi waligoma. Wapishi waliacha sufuria mekoni, mayaya wakaacha watoto, madereva wakaacha magari. Watu walikusanyika nje ya kituo wakiomba na kungoja, na kufikia tarehe 16 walikuwa maelfu. Wajumbe sita walikwenda kuonana na Charles Bowring, Katibu wa Koloni, wakarudi na jibu kwamba Thuku hangeachiliwa, na kwamba watu waende makwao. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Wakati huo alijitokeza mwanamke ambaye kabla ya siku hiyo hakuwa na jina katika maandishi yoyote ya serikali. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili wanaume na kuwasuta kwa woga wao. Alipandisha nguo yake mbele yao, tendo ambalo katika mila za Wakikuyu ni laana nzito kuliko tusi lolote, akawataka wabadilishane naye mavazi ikiwa uanaume umewashinda. Wanawake wenzake walipiga vigelegele, na umati ukasonga mbele kuelekea langoni. Askari walifyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuanguka. Inasimuliwa pia kuwa Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walifyatua bunduki zao kuwalenga watu waliokuwa wakikimbia.

Serikali ilisema waliouawa ni watu 21. Wafanyakazi Waafrika wa chumba cha maiti walisemekana kuhesabu 56, na wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Majina ya wengi wao hayakuhifadhiwa. Walikuwa watu wa kawaida waliotoka kazini wakiwa na kipande shingoni, wala hawakurudi. Wanawake walimtungia Nyanjiru na Thuku wimbo uliojulikana kama Kanyegenyuri, na wimbo huo ukawa ndilo kaburi lenye maandishi ambalo mji haukuwajengea.

Thuku hakufikishwa mbele ya hakimu. Alihamishwa hadi Kismayu bila kesi, na eneo hilo lilipokabidhiwa Italia mnamo 1925, akapelekwa Lamu, Witu na hatimaye Marsabit. Chama chake kilipigwa marufuku, ingawa mwaka huohuo wa 1922 kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Aliachiliwa mwishoni mwa 1930, baada ya takriban miaka tisa.

Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Mnamo 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association, lakini mfarakano ukazuka, na mwaka wa 1935 akaunda chama chake, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kufuata njia za kisheria na kuitii serikali. Mwaka wa 1944, chama cha Kenya African Union kilipoanzishwa, Thuku alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza kwa miezi michache, kabla ya James Gichuru kushika nafasi hiyo. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto mnamo 1952, alivipinga hadharani, hata katika redio ya serikali ileile iliyomfunga. Alijishughulisha na kilimo cha kahawa huko Kambui, na mnamo 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki mwezi wa Juni 1970, mwaka uleule tawasifu yake, aliyoiandika kwa msaada wa Kenneth King, ilipochapishwa.

Ahukumiweje mtu kama huyu? Wapo wanaomtukuza kwa mwaka mmoja wa 1921 na kuisahau miaka arobaini iliyofuata. Wapo pia wanaomwita msaliti kwa ajili ya 1952 na kuisahau 1922. Pande zote mbili zinataka mtu awe kitu kimoja tangu kuzaliwa hadi kufa, na maisha hayaendi hivyo. Aliyeona maiti zikiokotwa kwa ajili ya jina lake, kisha akakaa uhamishoni miaka tisa, huenda alijifunza kuogopa damu; na waliochukua silaha baada yake huenda walijifunza kwamba maombi nje ya kituo cha polisi hujibiwa kwa risasi. Somo lilikuwa moja, wanafunzi wakatoka na majibu mawili.

Lakini lipo jambo lisilobishaniwa. Kijana wa umri wa miaka ishirini na sita, mwenye elimu ya misheni na kazi ya kupokea simu, aliwaambia watu wa makabila mbalimbali kwa lugha waliyoielewa wote kwamba dhiki yao ni moja. Waliomwamini walikuja kusimama nje ya kituo cha polisi. Barabara ina jina lake yeye. Nyanjiru na wale wengine walibaki katika udongo unaokanyagwa kila siku na wanafunzi wanaokwenda kusoma.