D.O. Misiani: Mkono wake aliuweza, ulimi ukamshinda

Kuanzia Mwanza, kupanda Musoma na Tarime hadi kuvuka mpaka wa Sirari, benga ni muziki usiohitaji kutambulishwa. Na ukiwauliza wazee wa ukanda huo nani aliupiga kisawasawa, jina la D.O. Misiani halichelewi kutajwa.

Daniel Owino Misiani alikuwa Mtanzania. Alizaliwa kandokando ya Ziwa Victoria, jina akalipatia Kenya, na mashabiki wakamuita babu wa benga.

Lakini maisha yake ni ya mtu aliyetakiwa kuacha tabia tangu utotoni. Nyumbani walitaka aache gitaa. Serikali ilitaka aache maneno. Vyote viwili hakuviacha, na cha pili kilimfikisha jela.

Nyumbani gitaa ni dhambi

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, eneo la Shirati, ambako leo ni Wilaya ya Rorya, Mkoa wa Mara. Kutoka hapo, Kenya ni jirani kabisa.

Baba na mama yake wote walikuwa waimbaji pale kijijini, kwa hiyo muziki aliukuta nyumbani. Tatizo lilikuwa chombo alichokichagua. Wazazi hao walikuwa watu wa dini hasa, na hawakutaka kabisa kumuona na gitaa.

Ukweli ni kwamba hawakuwa peke yao. Familia nyingi za wakati huo ziliona gitaa ni chombo cha vilabuni: pombe, kukesha na uhuni. Kijana aliyeanza kulicharaza alihesabika ameanza kupotea.

Hata hivyo gitaa lilikuwa limeshaingia vijijini. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Katanga, Kongo, na sauti ya gitaa moja linalopigwa kwa vidole ikasambaa Afrika Mashariki kwa santuri. Vijana wengi wa kando ya ziwa walianza kuchezea nyuzi katika miaka hiyo.

Kuvuka mpaka

Miaka ya 1960 Misiani aliondoka kwenda Kenya. Sababu inaeleweka: studio na viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na Kisumu ndiko kulikokuwa na wanunuzi wengi wa nyimbo za Kijaluo. Kwa Mjaluo wa Shirati, kuvuka mpaka ule hakukuwa kwenda ugenini sana. Lugha ni ileile na ziwa ni lilelile.

Bendi yake ilibadili majina mara kadhaa kabla ya kutulia kwenye Shirati Jazz. Hata alipokuwa nyota wa Kenya, jina la nyumbani hakulitupa.

Tabia zinazowashinda wapiga gitaa

Benga lina mizizi kwenye nyatiti, chombo cha asili cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, hudonoa nyuzi kwa vidole, na kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu hugonga mbao ya chombo hichohicho. Huku anaimba. Mtu mmoja, kazi tatu.

Wapiga benga walichukua akili hiyo wakaihamishia kwenye gitaa la umeme. Ndiyo maana muziki huu humuumbua haraka mpiga gitaa mwenye tabia mbaya.

Tabia ya kwanza ni kumfunika mwimbaji. Kwenye benga, gitaa la solo humfuata mwimbaji nyuma kama kivuli: anapopanda linapanda, anaposhuka linashuka. Mpiga solo anayetaka kuonekana kila sekunde anaharibu wimbo. Zamu yake ipo, ni pale sauti inaponyamaza na magitaa yanashika chemko. Akitumia ufundi wote kabla ya hapo, chemko linafika hana jipya.

Ya pili ni kujaza kila nafasi. Sikiliza besi ya benga: inapiga noti chache kwa nguvu, inanyamaza, halafu inarudi. Ule ukimya ndio unaomfanya mtu ainuke kwenye kiti. Wapiga besi wengi wanaoanza huona ukimya ni kosa, wanauziba, na wimbo unakosa mruko.

Ya tatu ni kukimbia. Benga ni la kasi, na mkono ukishapata joto unataka kuongeza. Mmoja akikimbia, wenzake wanamkimbiza, na dakika mbili baadaye wachezaji hawawezi tena kufuata miguu yao.

Ya nne ni kubana shingo ya gitaa kama vile litatoroka. Kwenye wimbo wa taratibu unaweza kupona. Kwenye benga mkono unakufa ganzi kabla santuri haijageuzwa upande wa pili.

Misiani alikuwa mwimbaji, mtunzi, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi kwa pamoja. Anayeimba huku anapiga hujifunza mapema kumpa mwimbaji nafasi, maana mwimbaji ni yeye mwenyewe. Zisikilize rekodi za Shirati Jazz: magitaa ni mengi, lakini hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Tabia moja iliyomponza

Nidhamu ya mkono alikuwa nayo. Ulimi ndio uliokuwa na mambo yake.

Misiani alitunga nyimbo kuhusu watu na matukio, na kuhusu viongozi. Kenya wakampachika jina la Mfalme wa Historia. Mara nyingi hakuwataja wakubwa moja kwa moja. Aliwapitisha kwenye hadithi za wanyama au visa vya Biblia, na msikilizaji wa Kijaluo akabaki kumalizia mwenyewe. Yale malezi ya dini aliyotoroka nayo Shirati yakawa silaha yake.

Lakini serikali nayo ilikuwa na watu wanaojua Kijaluo. Misiani alikamatwa na kufungwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na aliwahi kurudishwa Tanzania.

Hapo ndipo uraia wake ulipomuuma. Mkenya aliyeimba maneno makali aliweza kufungwa. Misiani aliweza kufungwa na pia kufukuzwa, maana aliyeisema serikali ile alikuwa mgeni, tena mgeni ambaye bendi na soko lake vyote viko hapohapo. Na mambo hayakuwa mepesi kati ya nchi hizi mbili: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983.

Angeweza kuimba mapenzi tu akaishi kwa amani. Mapenzi aliyaimba pia, tena vizuri. Ila kila alipotoka, alirudi kulekule kwenye nyimbo za siasa, na mashabiki wakazisubiri.

Jina linafika Ulaya

Mwaka 1989 albamu yake ya Benga Blast! ilitoka Uingereza, wakati ambao muziki wa Afrika ulikuwa unatafutwa sana huko. Wasikilizaji wasiojua neno moja la Kijaluo walinunua kwa ajili ya magitaa tu.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Redio Tanzania ya enzi hizo ilijengwa juu ya Kiswahili, na nyimbo za lugha za makabila zilipata nafasi ndogo. Hivyo Mtanzania huyu alikuwa mkubwa Kisumu na akajulikana London, huku Watanzania wengi walio mbali na ziwa hawajui kabisa kwamba ni mwenzao.

Mwisho wa safari

Misiani alifariki dunia Mei 17, 2006 kwa ajali ya gari huko Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Mpaka wakati huo alikuwa bado anafanya muziki.

Nyimbo zake nyingi zinapatikana mtandaoni. Kijana anayejifunza gitaa pale Kirumba au Igoma anaweza kuzifungua kwenye simu usiku wa leo. Aweke moja, aache kusikiliza solo, afuate besi peke yake mwanzo hadi mwisho, na ahesabu inanyamaza mara ngapi. Kisha achukue gitaa lake ajaribu kunyamaza palepale.